Nukta Iliyoangukia Majimoto

Pudensiana alisimama mbele ya ile ramani mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba anawaziba. Ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji cha Katobwe, huku juu kwenye vilima vya Mwese, na ilionyesha mkoa mzima wa Katavi, na nukta ndogo nyekundu zimetapakaa juu yake. Kila nukta ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa ya dundu wa aina yake, kuonyesha mahali alipopatikana. Pudensiana alikuwa anamtafuta dundu mmoja tu, namba kumi na saba. Alipitisha kidole Mwese yote, kijiji kwa kijiji, asimwone. Akashuka nacho kuelekea kusini, akavuka Mpanda mjini, akavuka mbuga, akaenda kumkuta bondeni kabisa, kwenye mashamba ya mpunga ya Majimoto.

"Nani kaiweka nukta hii hapa?" aliuliza.

Aliyeiweka alikuwa amesimama ubavuni pake. Alikuwa Dokta Agape, mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kishikwambi mkononi na mabuti ambayo bado hayajajua tope.

"Ni mimi, mama. Kuna tatizo?"

Tatizo! Mtu ameshika mavi kwa mikono yake miaka sita, mvua yake, kupe wake, kwa ajili ya mdudu huyo huyo, halafu anaulizwa kwa sauti nyororo kama kuna tatizo. Pudensiana alitaka kusema mambo kumi kwa mara moja, na matokeo yake hakusema hata moja. Alikaa kwenye benchi, akavuta kanga mabegani, akasikiliza.

Dokta Agape alieleza vizuri, hilo tusimnyime. Alisema utafiti wa madundu wa Katavi ulianzishwa na mwalimu wake, marehemu Dokta Gelasius, na yeye ameukamilisha. Alisema orodha ina aina mia moja na nane za madundu wala mavi, na kwamba ramani inaonyesha nani anaishi wapi. Kisha akafika kwenye msitu wa Katobwe. Zamani, alisema, ilidhaniwa kwamba msitu huu una dundu wake ambaye haishi pengine popote. Lakini takwimu zinaonyesha dundu huyo, namba kumi na saba, anapatikana bondeni Majimoto, kwenye mashamba, kwenye jua kali. Kwa hiyo hautegemei msitu. Ripoti ingepelekwa wilayani tarehe ishirini na nane, na huko ndiko kungeamuliwa kama msitu wa Katobwe uendelee kuhifadhiwa au ugawiwe mashamba.

Mwenyekiti wa kijiji, Benedikto, alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alipiga makofi yake taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Kumwelewa Pudensiana ni lazima turudi nyuma kidogo, mwaka elfu mbili na kumi na moja, siku Dokta Gelasius alipofika Katobwe kwa mara ya kwanza na pikipiki iliyokuwa inatoa moshi kuliko mwendo. Aliomba mtu anayezijua njia za msituni. Walijitokeza wanaume tisa. Walidhani ni kazi ya kuongoza wawindaji, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kusimulia nyati aliowaona. Gelasius akawaeleza kazi yenyewe: kuchimba mashimo, kuweka mavi juu ya kila shimo, na asubuhi kuhesabu madundu waliotumbukia. Wanaume wakaanza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Aliyebaki ni Pudensiana, ambaye hata hakuwa ameitwa. Alikuwa anapita tu na ungo wa uyoga.

"Mavi ni mavi tu, baba," alimwambia Gelasius. "Mimi nimelea watoto wanne."

Ndivyo alivyoajiriwa. Na ndivyo alivyopata jina la Mama Mavi, ambalo watoto walimwimbia njiani na watu wazima walilisema akishapita, na wengine kabla hajapita. Lilimuuma mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alianza kuwajibu. Mwaka wa tatu alikuwa hana nafasi tena ya kusikia, maana kazi ilikuwa imemkolea.

Alikuwa anaifanya hivi. Anachimba shimo la kina cha kiganja na nusu, anatumbukiza kopo la plastiki mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, anamimina maji ya sabuni. Juu yake anachomeka kijiti, na kwenye kijiti anafunga mavi mabichi ya ng'ombe ndani ya kitambaa chepesi. Dundu anakuja kwa harufu, anatua, anatembea kwa haraka zake, anatumbukia. Alfajiri Pudensiana anawachota kwa chujio la chai, anawaosha, anawatia kwenye chupa ya spiriti pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe na mahali. Aliandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka ndani ya spiriti. Hilo hakufundishwa na mtu. Aliligundua mwenyewe, baada ya kupoteza lebo za wiki nzima, na Gelasius akalibeba akaenda kuwafundisha wanafunzi wake mjini kama jambo lake.

Alijifunza mengi. Alijua dundu yupi anaviringisha donge lake na kuondoka nalo, yupi anachimba palepale chini ya kinyesi, na yupi mvivu anayengoja wenzake wafanye kazi ili aibe. Lakini aliyemteka moyo ni yule mweusi mnene mwenye shingo ya rangi ya shaba, inayong'aa ukimgeuzia jua. Siku Gelasius alipomwona alivua kofia, akakaa chini kwenye majani yaliyolowa bila kuangalia anakalia nini. Alisema hajawahi kumwona huyu popote, si Tabora, si Rukwa, wala si katika vitabu.

Pudensiana alimfuatilia dundu wa shaba kama mtu anavyomfuatilia mdeni. Alihamisha mitego hatua kumi, hatua ishirini, ndani, nje. Akagundua kwamba kivuli cha miti kinapoishia, na dundu naye anaishia. Mtego ukiwa ndani ya msitu, hatua arobaini kutoka ukingoni, unapata kumi na wawili kwa usiku mmoja. Ukiutoa uuweke juani hatua tatu tu nje ya kivuli, hupati hata mmoja, na mavi ni yaleyale. Haya aliyafanya misimu sita. Kwa hiyo mtu asimwambie Pudensiana kuhusu mashamba ya mpunga.

Mkutano ulipokuwa unataka kufungwa, alisimama.

"Dokta, huyu kumi na saba umemtoa wapi Majimoto? Ulimkamata wewe?"

"Hapana, mama. Ni sampuli za zamani, za marehemu." Agape aligusagusa kishikwambi chake, akamwonyesha picha. Ilikuwa lebo, na mwandiko ulikuwa wa Pudensiana mwenyewe, ule wa penseli, wenye herufi kubwa zinazoegemea kushoto. *Kwa Malale, mtego wa 3.* "Hizi lebo zote za kumi na saba zimeandikwa hivi. Hazina namba za GPS. Kwa hiyo vijana wangu waliulizia Mpanda, Kwa Malale ni wapi. Kila mwenye bodaboda anapajua. Ni baada ya Majimoto, kuna mashine ya kusaga. Wakaenda wakachukua namba za GPS pale."

Sasa Pudensiana alielewa, na kuelewa kulimuuma zaidi.

Katobwe hakuna vibao vya barabarani. Mahali panaitwa kwa mtu anayekaa hapo, basi: Kwa Kinyozi, Kwa Masista, Kwa Malale. Malale alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyepanda Mwese na ng'ombe wake akitokea upande wa Inyonga, akajenga boma lake kwenye ukingo wa msitu. Ng'ombe wake ndio waliotoa mavi ya mitego, na mtego wa tatu ulikuwa nyuma ya boma lake. Sasa ungeandika nini? Gelasius mwenyewe alimwambia, andika unavyopaita. Akaandika. Mwaka elfu mbili na kumi na saba ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, Malale akaswaga ng'ombe wake mpaka Majimoto, akaanza upya, akapata mashine ya kusaga, na magari yakaanza kusimama hapo. Jina liliondoka na mwenyewe. Dundu alibaki. Gelasius alikuwa anayajua yote hayo kichwani mwake, akaugua, akafa, akaondoka nayo. Na huyu binti mwenye mabuti hakuona haja ya kumuuliza aliyeandika.

"Malale alikuwa hapa," Pudensiana alisema. "Wakati naandika hiyo, alikuwa anakaa hapa hapa, ukingoni mwa msitu wetu. Alihama baadaye. Kila mtu humu anajua."

Agape alimgeukia Benedikto. "Mwenyekiti, ni kweli palikuwa na mfugaji kwenye msitu?"

Benedikto alijikuna shingo. "Hapana, daktari. Wafugaji wanapita tu, kama wanavyopita kote. Kukaa, hajawahi kukaa mtu."

Pudensiana aliwaangalia watu. Kulikuwa na watu zaidi ya sitini ndani ya ile ofisi na dirishani. Wengine walikunywa maziwa ya Malale. Wengine walimkopa maksai wa kulimia. Wote waliangalia chini, kana kwamba sakafu ya ofisi ilikuwa imeandikwa kitu. Sababu haikuwa siri. Malale alipoondolewa, Benedikto alijitwalia pale palipokuwa boma, maana udongo uliolala ng'ombe miaka minane unaotesha mahindi ya kumzidi mtu kimo. Akikubali kwamba Malale alikaa pale, ataulizwa na yeye anafanya nini pale. Na hawa wengine kila mmoja alikuwa ameshaahidiwa kipande chake msitu ukigawiwa. Waliuza ukweli kwa shamba ambalo hata hawajalipata.

"Basi aende akatege sasa," mtu mmoja alisema kutoka dirishani, kwa kejeli. Alijua vizuri. Ulikuwa mwezi wa nane. Dundu wa shaba analala ardhini kiangazi chote, hatoki mpaka mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja. Ripoti ilikuwa ya tarehe ishirini na nane.

Agape hakuwa mtu mbaya. Alimfuata Pudensiana nje, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kubadilisha takwimu kwa maneno ya mtu mmoja, yanayopingwa na mwenyekiti wake. Angerudi baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Akipata uthibitisho kwamba Kwa Malale ilikuwa Katobwe, mahali hasa, anapoweza kusimama na kuchukua namba, ataihamisha nukta.

"Uthibitisho," Pudensiana alirudia. "Mimi niliyewakamata si uthibitisho. Karatasi niliyoiandika mimi ni uthibitisho."

Agape alifunga kishikwambi chake, akaingia kwenye gari.

Pudensiana alienda Majimoto. Alishuka Mwese kwa bodaboda mpaka Mpanda, akalala kwa dada yake, asubuhi akapanda basi. Njia nzima alikuwa anagombana na Benedikto kichwani na kumshinda kila mara. Alimkuta Malale kwenye kiti nje ya mashine yake, amezeeka kidogo, amenenepa kidogo, fimbo kati ya magoti.

"Mwangaluka, Baba Kulwa," alimwamkia kwa Kisukuma, kama zamani.

"Karibu," Malale alijibu kwa Kiswahili.

Pudensiana akalipata jibu lote kwenye neno hilo moja, lakini alikuwa amekuja mbali. Alikaa, akaeleza. Ramani, nukta, namba kumi na saba, Benedikto. Alimwomba aje Katobwe siku ya Alhamisi aseme tu kwamba alikaa pale. Malale alimsikiliza mpaka mwisho, mashine inanguruma nyuma yake na vumbi la unga linatoka mlangoni.

"Mama Rozi," alisema, "ule mkutano wa kunifukuza, unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Walisema wanaotaka Malale aondoke wanyooshe mikono. Wa kwanza Benedikto. Wa pili yule fundi cherehani. Wa tatu wewe."

Ilikuwa kweli. Gelasius alikuwa amemwambia kwamba ng'ombe wanakanyaga miche ya msitu, na msitu ukiisha dundu ataisha, na yeye aliamini, na mpaka leo anaamini. Alinyoosha mkono kwa ajili ya msitu. Benedikto alinyoosha kwa ajili ya udongo. Kwenye muhtasari mikono yote miwili ilihesabiwa pamoja.

"Mavi ya ng'ombe wangu yalikuwa mazuri," Malale aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mke wangu alikuwa anakuwekea mabichi kila jioni chini ya jani la mgomba, na maziwa pembeni. Ng'ombe wenyewe ndio wakawa wabaya. Nyie mlinitoa kwa kusema nimekaa msituni. Sasa mnasema sijawahi kukaa. Na wewe unataka nije mbele ya serikali niseme nilikaa, nijifunge mwenyewe. Kwa ajili ya mdudu."

"Kwa ajili ya msitu, Baba Kulwa. Na maji yanayotoka humo."

"Suzana yuko kule," Malale alisema.

Alisema hivyo tu. Pudensiana alikuwa mazikoni siku ile, mwaka elfu mbili na kumi na tano, homa ilipomchukua Suzana, mke wa Malale, kwa siku nne. Walimzika ubavuni mwa boma, kama wafanyavyo, mtu azikwe nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye nyumbani kwake kukawa si kwake.

"Nimeomba ruhusa mara mbili niende kufyeka kaburi," Malale alisema. "Mara mbili mwenyekiti wenu amenijibu kwamba nikionekana huko nitakamatwa kama mvamizi. Rudi nyumbani, Mama Rozi. Usije ukakosa basi."

Alirudi. Kwenye basi hakugombana tena na Benedikto. Alikuwa na hasira bado, tena nyingi, lakini sasa hakujua aielekeze wapi, na hasira ya namna hiyo inachosha kuliko nyingine zote.

Alhamisi ilifika. Agape alikuja na dereva wake. Benedikto alikuwa amevaa koti. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza, maana ilisemekana Mama Mavi leo ataumbuka. Pudensiana alikuwa amejipanga kuwachukua awapeleke mahali penyewe, awaonyeshe kwa kidole, waamini au wasiamini. Ndipo pikipiki ikapanda kilima, na nyuma ya dereva alikuwa amekaa mzee mwenye fimbo, mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani mpaka viatu. Alishuka taratibu, akanyoosha magoti. Hakumsalimia Pudensiana. Alimwendea Agape.

"Mimi ndiye Malale," alisema. "Nasikia mnatafuta kwangu."

Benedikto alianza kusema habari za wavamizi na sheria. Agape akamwambia, kwa upole uleule, kwamba wataongea wakifika.

Walitembea karibu saa nzima. Msitu ulionekana kwanza kama mstari mweusi, halafu ubaridi wake ukawafikia. Mbele yake lilikuwa shamba la mahindi yaliyovunwa, mabua yamelazwa kwa mistari, na katikati ya shamba Benedikto alikuwa amejenga bani la kukaushia tumbaku, la matofali mabichi. Hakukuwa na alama yoyote ya boma. Hakuna nguzo, hakuna miiba, hakuna jiwe.

"Hili ni shamba la ukoo," Benedikto alisema. "Baba yangu alilima hapa."

Malale alizunguka ukingo wa shamba, akasimama, akaangalia miti ya msitu, akarudi nyuma hatua chache, akaangalia tena. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Alikuwa anatafuta kitu na hakioni. Alitembea kati ya mistari ya mabua, kwanza polepole, kisha haraka, mpaka akafika kwenye bani. Hapo mlangoni akasimama kabisa. Kulikuwa na bamba la saruji lililolazwa chini kama ngazi ya kupandia, limechakaa kwa miguu.

"Niinulieni hili," alisema.

Hakuna aliyesogea. Pudensiana ndiye aliyeinama kwanza, na dereva wa Agape akamsaidia. Lilikuwa zito. Walipoligeuza, udongo ukadondoka, na chini yake kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Agape aliyasoma kwa sauti, labda bila kukusudia.

"Suzana Malale. Elfu mbili na kumi na tano."

Watu wa Katobwe walikuwa wamesimama pale shambani, wale wale wa ofisini. Miaka mitatu walikuwa wamepanda na kushuka kwenye jina hilo wakiwa na mafungu ya tumbaku ya mwenyekiti, na kati yao walikuwepo waliobeba maji ya kukorogea saruji ile siku ya mazishi. Benedikto alisema mawe yanaokotwa popote, mtu anaokota tu jiwe. Alisema hivyo mara mbili. Hakuna aliyemuunga mkono, na hakuna aliyempinga. Pudensiana aligeuka akawatukana. Aliwatukana wote, kwa Kiswahili na kwa Kibende, lugha ya kwao, akaanza na Benedikto na hakuwaruka wanawake, na alipofika kwa wale walionyoosha mikono mwaka ule sauti ilimkauka, kwa sababu alikuwa amejifikia mwenyewe.

Agape alichukua namba pale mlangoni mwa bani. Kisha akamwomba Pudensiana amwonyeshe mtego wa tatu. Pudensiana aliingia msituni akihesabu, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, akasimama kwenye mzizi wa mti na kumwambia asimame hapo hapo. Agape alisimama, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Akamgeuzia kishikwambi. Nukta ya kumi na saba ilikuwa imetoka Majimoto na kukaa Mwese.

"Nimeihamisha, mama. Na ripoti nitaiandika upya, leo hii. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza."

"Ulipaswa," Pudensiana alisema.

Alikuwa ameshinda. Dundu wa shaba alikuwa chini ya miguu yao, amelala, na sasa hata wilayani wangejua kwamba yupo hapa na hayupo pengine. Furaha ilimjia kweli, akaisikia kifuani. Ilidumu mpaka walipotoka kwenye kivuli.

Malale alikuwa amesimama katikati ya mabua, kofia mkononi, anaangalia matuta. Shamba lilikuwa limelimwa kwa maksai misimu mitatu, likasawazishwa, likalimwa tena.

"Mdudu wenu mmempata?" aliuliza.

"Tumempata, Baba Kulwa."

"Basi na mimi nionyesheni mke wangu."

Pudensiana alifungua mdomo ajibu. Alikuwepo siku ile. Alisimama upande wa miguuni, akatupa udongo kwa mkono wake. Alipaswa kujua. Aliangalia msitu, akaangalia bani, akatembea mstari mmoja wa mabua mpaka mwisho na kuanza mwingine.

"Hapa," alisema. Akasimama. Akasogea hatua tatu kushoto. "Au hapa."

Malale alimfuata nyuma, na kila aliposimama, naye alisimama.